Ritifaa

Majina yalikuja kwa barua pepe kutoka Ipole,
mia nne na kumi na mbili,
yamechapwa na karani wa kata kwenye kompyuta iliyochoka.
Nami hapa Ipuli, feni ikilalama juu ya kichwa,
nikanakili, nikabandika.

Kilichomwagika kwenye visanduku si majina peke yake.
Almasi nyeusi zenye alama ya kuuliza tumboni,
kana kwamba kila mrina asali anahojiwa: wewe nani?
Nafasi mbili mahali pa moja.
Na ile nafasi isiyo nafasi,
inayokaa mwishoni mwa jina kama mgeni asiyeaga.
Mistari iliyokatika katikati ya ukoo:
Kalunde juu, Kapaya chini,
mtu mmoja amekuwa wawili, na wote wana kilo sifuri.

Jicho halioni. Hilo ndilo la kuudhi.
Majina mawili yamelala sambamba, sawa kwa sawa,
mashine inaapa hayafanani.
Nyanzala: mimi nahesabu herufi nane,
yenyewe inahesabu tisa.
Ya tisa ni hewa.

Nimekulia kwenye asali.
Mama alichuja kwa kipande cha shuka kuukuu;
mabawa, nta, makinda ya nyuki, ukoko wa gome la mzinga,
vyote vikabaki juu,
chini ikadondoka asali ya mtundu, nyeusi kama chai ya msibani.
Nikasema, basi, hili nalijua.
Nikaandika kanuni, mstari mmoja tu:
herufi ipite, nafasi moja ipite,
kingine chochote, toka.

Nikabonyeza. Feni haikumaliza mzunguko.
Mia nne na kumi na mbili, nadhifu,
kama sare za shule Jumatatu asubuhi.
Katibu Nyamizi akainama juu ya bega langu:
Eh. Sasa hii ndiyo kazi.

Alhamisi benki ikarudisha malipo kumi na tisa.

Ijumaa akashuka mtu kwenye basi la alfajiri,
akaweka mezani kitambulisho kilichoviringwa kwenye nailoni,
akakigonga kwa kidole kilichovimba, nyuki wa juzi.
"Soma."
Nikasoma: Mang'ombe Ng'washi.
"Sasa soma hilo lako."
Kwenye skrini: Mangombe Ngwashi.
Nikajaribu kulitamka lilivyoandikwa,
ulimi ukajikwaa kwenye g
pale ambapo sauti ilitakiwa ipite puani, ipite zake.
Akacheka, si kwa furaha.
"Huyo simjui. Ndiye mliyemlipa?"

Kialama kidogo kuliko mguu wa nyuki.
Kilikuja kimepinda, kama kimkia,
nikakidhani uchafu.
Kumbe bila hicho ng'oa inakuwa ngoa,
aliyetumwa kupalilia anarudi na wivu;
bila hicho ng'ombe hana wa kumwita.
Nikafungua orodha ya watumishi, nikajitafuta mwenyewe.
Mtaa: Ngambo.
Wiki nzima nimelala mahali ambapo hapapo.

Bahati sikuifuta barua ya kwanza.
Mang'ombe akavuta kiti, akakaa, hakuondoka.
Nikaanza upya, safari hii nikitaja
wa kufukuzwa badala ya wa kupita,
kila mmoja kwa namba yake,
na kila ritifaa iliyopinda nikainyoosha, nikairudisha shingoni mwa jina.
Yeye alisoma kwa sauti, mimi nikaandika.
Aliwajua wote kumi na tisa.
Mmoja, alisema, amekufa mwezi wa tatu, lakini liandike vizuri,
mkewe ndiye atakayekuja.

Jioni akapanda basi la kurudi.
Ile ya tisa ya Nyanzala nimeifuta.
Nimeifuta mara mbili.
Bado, kabla sijazima mashine,
naweka kidole kwenye kioo, nahesabu:
moja, mbili, tatu, nne.